Al-Khawarizmi: Aliyegawa Mirathi Bila Kupoteza Hata Thumuni

  

Kabla sijaingia kwenye maisha ya mwanachuoni wetu wa leo, naomba nikiri kosa langu. Babu yangu mzaa baba alipofariki, Allah amrehemu, aliacha mke mmoja ambaye ni nyanya yangu, watoto wa kiume watatu na wa kike wanne. Kiwanja chake kiliuzwa, na baada ya madeni na gharama zote kulipwa zikabaki shilingi milioni moja kamili. Mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu nikisomea komputa, kwa hivyo ami yangu mkubwa akanipa kazi ya kupiga hesabu.

Nikafungua jedwali kwenye komputa. Nyanya anapata thumuni, kwa sababu marehemu ameacha watoto. Kilichobaki kinakatwa mafungu kumi, kila mwanamume mawili na kila mwanamke moja. Jedwali lilikuwa limewekwa lionyeshe tarakimu mbili tu baada ya nukta, basi likanionyesha 0.13 kwa nyanya, 0.18 kwa kila mtoto wa kiume na 0.09 kwa kila binti. Nami bila kufikiri nikachukua kalamu nikaandika nyanya 130,000, kina baba 180,000 kila mmoja, kina shangazi 90,000 kila mmoja. Shangazi yangu mdogo akafurahi, pale pale akaanza kupangia karo ya mwanawe. Ami alipojumlisha akapata 1,030,000. Elfu thalathini ambazo hazikuwepo popote!

Ikabidi aitwe maalim wetu wa chuoni. Hakugusa mashine. Aliandika 80 juu ya karatasi, akampa nyanya mafungu 10, kila mwanamume 14, kila binti 7. Fungu moja likawa 12,500. Nyanya 125,000, wanaume 175,000, mabinti 87,500. Jumla milioni moja, haikuzidi wala haikupungua. Lakini shangazi mdogo alikuwa ameshasikia elfu tisini kwa masikio yake. Mpaka leo anaamini kuna mtu alimkata elfu mbili na mia tano, na anayemshuku ni mimi.

Hiyo ndiyo sababu nimemchagua Muhammad bin Musa Al-Khawarizmi. Wengi wetu tunamjua kama baba wa aljebra, ile inayotusumbua sekondari. Lakini ni wachache wanaojua kwamba karibu nusu ya kitabu chake cha aljebra haikuwa juu ya x na y hata kidogo. Ilikuwa juu ya wasia na mirathi, nani apate nini, mpaka fungu la mwisho.

Al-Khawarizmi alizaliwa yapata mwaka 780 Miladia, sawa na mwaka wa 164 Hijria au karibu na hapo. Jina lake linamnasibisha na Khawarizm, nchi iliyo kusini ya bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kama yeye mwenyewe alizaliwa huko au ni wazee wake waliotoka huko, wanahistoria wamekhitilafiana. Imam Tabari katika tarikh yake anataja nasaba ya kitongoji cha Qutrubbul karibu na Baghdad, na pia neno linaloashiria dini ya Majusi. Wako wanaosema hapo mwandishi wa nakala aliangusha herufi ya wau akawaunganisha watu wawili wakawa mmoja. Kwa vyovyote, dibaji ya kitabu chake ni ya Muislamu, inaanza kwa kumhimidi Allah na kumswalia Mtume (SAW).

Baghdad wakati ule ilikuwa mji mchanga. Khalifa Al-Mansur aliujenga mwaka 762, kwa hivyo Al-Khawarizmi alipozaliwa mji ulikuwa haujafikisha hata miaka ishirini. Lakini watu walikuwa wakimiminika kutoka Bara Hindi, Uajemi, Sham na Misri, kila mmoja na vitabu vyake na hesabu zake. Mwaka 813 akatawala Khalifa Al-Ma'mun, na huyu ndiye aliyempa Al-Khawarizmi nafasi. Alikuwa mmoja wa wanachuoni wa Baytul Hikma, nyumba ya hekima, mahali ambapo vitabu vya Kigiriki, Kihindi na Kiajemi vilikuwa vikikusanywa na kusomwa.

Hapa lazima tuseme ukweli. Al-Ma'mun huyu huyu ndiye aliyeanzisha mihna mwaka 833, mtihani uliomfanya Imam Ahmad bin Hanbal (RA) kufungwa minyororo. Kwa hivyo tukimsifu kwa vitabu tusisahau na hilo. Al-Khawarizmi kwa upande wake hatajwi katika fitina ile. Inaonekana alikuwa amezama kwenye hesabu zake.

Na hesabu zenyewe hazikuwa za mchezo. Alitengeneza zij, yaani majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari, akitegemea elimu iliyotoka Bara Hindi. Aliandika juu ya asturlabu. Aliandika juu ya kalenda ya Mayahudi. Kitabu chake cha sura ya ardhi kilikamilika mwaka 833, nacho kinataja mahali 2,402 pamoja na vipimo vya longitudo na latitudo. Akaandika pia kitabu juu ya tarakimu za Kihindi, zile tarakimu tisa na sifuri, akifundisha namna ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwazo. Nakala ya Kiarabu ya kitabu hicho imepotea, lakini tafsiri ya Kilatini ya karne ya 12 ipo. Wazungu walipolitamka jina lake kwa ndimi zao likageuka Algoritmi, na hapo ndipo likatoka neno algoritimu, yaani hatua zilizopangwa ambazo komputa inazifuata. Kwa hivyo ndugu yangu, kila programu iliyo ndani ya simu yako inatembea kwa njia iliyopewa jina la mtu huyu.

Sasa twende kwenye kitabu kilichomfanya mashuhuri, kitabu kifupi cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala. Alikitunga enzi za Al-Ma'mun, baina ya mwaka 813 na 833. Katika dibaji anaeleza kwamba khalifa ndiye aliyemhimiza aandike kitu chepesi, kinachohusu mambo ambayo watu wanayahitaji kila siku, nayo ni mirathi, wasia, ugawaji wa mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Ukitazama utaona mirathi imetangulia. Huyu hakuwa mtu aliyekaa peke yake akiota namba. Alikuwa akimfikiria kadhi aliyezungukwa na warithi wenye haraka.

Al-jabr maana yake ni kuunga kilichovunjika, ndiyo maana Kiarabu hulitumia neno hilo hilo kwa mtu anayeunga mifupa. Al-muqabala ni kukabilisha, na sisi Waswahili tunalo neno mkabala, kwa hivyo haliko mbali. Hebu tuchukue mfano mmoja alioutoa mwenyewe. Gawanya kumi mafungu mawili, kisha fungu moja likizidishwa kwa nafsi yake liwe sawa na mara nne ya mafungu hayo mawili yakizidishwa pamoja. Fungu usilolijua analiita kitu, na kitu kikizidishwa kwa nafsi yake anakiita mali. Ukiifuata hesabu unafika mahali ambapo mali moja ni sawa na vitu arubaini kasoro mali nne. Hiyo kasoro ndiyo mfupa uliovunjika. Unauunga kwa kuongeza mali nne kila upande, unapata mali tano sawa na vitu arubaini, basi mali moja ni vitu vinane, na kitu ni 8. Jaribu mwenyewe. Mafungu ni 8 na 2, nane mara nane ni 64, na nane mara mbili mara nne ni 64 vile vile.

Na haya yote aliyaandika kwa maneno matupu. Hakuna x, hakuna alama ya kujumlisha, hata namba zenyewe kaziandika kwa herufi. Mstari tunaouweka kati ya namba ya juu na ya chini kwenye akisami haukuwepo pia, ulikuja kuonekana Maghrib karne ya 12 kwa mwanahisabati Al-Hassar. Al-Khawarizmi alitumia majina. Na majina hayo, alhamdulillahi, tunayo mpaka leo katika Kiswahili. Nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Tulipokuwa shule ya msingi tukikariri akisami hizi kwa ajili ya mtihani, hatukujua kwamba tunakariri msamiati wa kadhi wa Baghdad. Na wazee wetu wa pwani waliposema thumuni kwa senti hamsini, lilikuwa ni neno hilo hilo, fungu la nane, limeingia mfukoni. Kwa namba za chini zinazopita kumi na ambazo hazina jina lao, kama kumi na tatu, Waarabu walisema sehemu moja katika sehemu kumi na tatu, basi. Ndefu kutamka, lakini hakuna kilichopotea.

Haya, tuje kwenye nusu ya pili ya kitabu. Qur'ani katika Suratun Nisaa imetaja mafungu sita tu ya warithi, nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Ni machache, lakini yakikutana na wasia, madeni na watoto wengi yanaleta hesabu za kutoa jasho. Al-Khawarizmi aliyachukua mas'ala ya namna hiyo mengi akayafungua moja baada ya jingine. Nitalileta moja, kwa sababu ndilo lililoniingia zaidi.

Mwanamke amefariki. Ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Tena ameusia mtu asiye mrithi apewe thumuni na subui ya mali yake. Kila mmoja apate ngapi?

Kwanza wasia. Thumuni na subui ukizijumlisha unapata sehemu 15 katika 56. Hiyo haijafika thuluthi, kwa hivyo wasia unapita bila kuomba ruhusa ya warithi. Zimebaki sehemu 41 katika 56 za kurithiwa. Kwa warithi peke yao, mume ana robo kwa kuwa kuna watoto, na robo tatu zilizobaki zinakatwa mafungu matano, mawili ya mwanamume na moja moja ya kila binti. Ukitafuta namba inayokubali yote hayo bila kuvunjika ni 20, ambapo mume ana 5, mtoto wa kiume 6, kila binti 3. Sasa unaoanisha 20 na 56 kwa kuzizidisha, unapata 1,120. Fanya mali yote kuwa mafungu 1,120. Aliyeusiwa ana 300. Zimebaki 820, katika hizo mume ana 205, mtoto wa kiume 246, na kila binti 123. Jumlisha uone. Imetimia, wala haikubaki punje ya kugombaniwa.

Tazama jambo alilolifanya hapo. Hakukimbilia kugawanya. Aliiacha akisami ibaki akisami, namba mbili zinazotembea pamoja kama mtu na kivuli chake, mpaka mwisho kabisa ndipo akachagua idadi ya mafungu inayowatosha wote. Mimi na jedwali langu tulifanya kinyume. Tuligawanya mapema, tukakata mkia, kisha tukashangaa mkia uliokatwa umezaa elfu thalathini.

Labda utasema kosa lilikuwa langu, ningeliacha jedwali lionyeshe tarakimu zote. Ni kweli kosa ni langu, siwezi kumsingizia mtu. Lakini ukichimba chini zaidi utakuta komputa yenyewe ina maradhi hayo hayo, ila yamefichika. Namba zenye nukta inaziweka kwa mafungu ya nusu, robo, thumuni, moja ya kumi na sita, na kuendelea hivyo kwa mbili mbili. Thumuni inaiweka sawasawa kabisa. Lakini ushuri, yaani moja ya kumi, haiwezi, kwa sababu kumi ina tano ndani yake na tano haitokani na mbili. Inaweka kitu kilicho karibu na ushuri. Mwambie ajumlishe 0.1 mara kumi, utatarajia 1, naye atakujibu 0.9999999999999999. Thuluthi nayo hivyo hivyo, haimaliziki kwa nukta, iwe kwa kumi au kwa mbili. Wanafalaki wa zama za Al-Khawarizmi walikuwa na afadhali hapo, maana wao walihesabu kwa sitini, na thuluthi ya sitini ni 20, sudusi ni 10, thumuni ni saba na nusu. Mafungu yote sita ya mirathi yanaingia kwenye sitini bila kuacha masalio yasiyo na mwisho.

Mwaka wangu wa tatu tulifundishwa lugha ya kuprogramu iitwayo Haskell, iliyotoka mwaka 1990. Ni katika zile lugha zinazojengwa juu ya fankisheni. Fankisheni ni kama kinu, unatia nafaka unapata unga, na nafaka ile ile daima inatoa unga ule ule. Haiendi kando kubadilisha kitu kingine bila wewe kujua. Nilipoisoma mara ya kwanza nikasema wallahi hii ni kama ilmul faraidh, ukileta warithi wale wale lazima utoke na mafungu yale yale, awe kadhi wa Mombasa au wa Cairo.

Sasa lugha hii ina aina ya namba iitwayo Rational, ambayo haigawanyi. Inahifadhi namba mbili, ya juu na ya chini, kama alivyofanya mzee wetu. Alama ya kuziunganisha ni ile ya asilimia. Unaandika 1 % 8 + 1 % 7, inakujibu 15 % 56. Nilipoiona namba hiyo kwenye kioo cha komputa nilinyamaza kidogo. Ni ile ile ya Baghdad, baada ya miaka elfu moja na mia mbili!

Nikaendelea. Nikampa mume, mtoto wa kiume, mabinti na mwenye wasia. Ikanitolea mume 41 % 224, mtoto wa kiume 123 % 560, kila binti 123 % 1120, aliyeusiwa 15 % 56. Mwanzo nikadhani nimekosea, maana namba za chini hazifanani. Kumbe lugha hii kila akisami inaipunguza mpaka ifike udogo wake wa mwisho, 205 juu ya 1,120 inakuwa 41 juu ya 224, thamani ni ile ile. Ukitaka namba moja ya kuwatosha wote unaiambia itafute namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa hizo namba zote za chini. Nikaiambia. Ikajibu 1120.

Tabia hii ya kupunguza ina jambo la kuangalia, hasa kwa ndugu zetu wanaosoma faraidh. Chukua ile mas'ala ya mimbari, inayonasibishwa na Sayyidna Ali (RA), ya mke, mabinti wawili na wazazi wawili. Thumuni, thuluthi mbili, sudusi na sudusi. Asili yake ni 24 na mafungu yanafika 27, yaani imeingia aul. Haskell ukiijumlishia haikuonyeshi 27 juu ya 24, inakuonyesha 9 % 8. Ishirini na saba yako imeyeyuka, na mwanafunzi asiyejua atababaika. Lakini ukigawanya fungu la kila mmoja kwa hiyo 9 % 8, mke anatoka na 1 % 9, na ndivyo ilivyo, thumuni yake imekuwa tusui. Mashine imefika pale pale, ila kwa mlango wa nyuma.

Na kuna kitu kingine kilichonifundisha adabu. Ukiandika 0.1 ukaiambia Haskell mapema kwamba hii ni Rational, inaelewa ni 1 % 10. Lakini ukiiandika kama namba ya kawaida ya nukta, halafu baadaye ndiyo uiombe iigeuze kuwa akisami, inakutolea 3602879701896397 % 36028797018963968. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani muda wote, ikijifanya ushuri. Uhakika hauwezi kurudishwa baada ya kupotezwa, ni lazima uulinde kuanzia hatua ya kwanza.

Isidhaniwe kwamba Al-Khawarizmi alidhani kila kitu kina akisami kamili. Alipofika kwenye duara alitoa njia tatu za kupata mzingo wake. Moja ni kuzidisha kipenyo kwa tatu na subui. Nyingine ni kwa jidhri ya kumi. Ya tatu ni ya wanafalaki, 62,832 juu ya 20,000, ambayo ni 3.1416. Ile ya tatu na subui akaieleza kuwa ni ya kutosheleza kazi za watu tu, si hakika. Anayepima kisima atatosheka na makadirio. Lakini alipofika kwa warithi hakukadiria.

Juu ya mwisho wa maisha yake tunayo habari moja tu, nayo anaisimulia Tabari. Mwaka 847 Khalifa Al-Wathiq aliugua, wakaletwa wanajimu wamtazamie nyota, na jina la Al-Khawarizmi limo katika orodha yao. Wakamhesabia kwamba ataishi miaka hamsini zaidi. Akaishi siku kumi. Nacheka kila nikiisoma, lakini ni kicheko cha heshima. Mtu aliyeweza kukata mali mafungu 1,120 bila kukosea hata moja, aliposhika hesabu ya ghaibu alikosea miaka hamsini kasoro siku kumi. Ghaibu ni ya Allah peke yake. Yeye mwenyewe inakadiriwa alifariki karibu na mwaka 850.

Kitabu chake kilivuka bahari. Mwaka 1145 Robert of Chester alikitafsiri kwa Kilatini akiwa Segovia, na baadaye Gerard of Cremona akakitafsiri tena kule Toledo. Lakini wote wawili walichukua sehemu ya milinganyo wakaiacha nusu ya mirathi. Pengine waliona haiwahusu, Wakristo wana sheria zao. Matokeo yake Ulaya ikapokea aljebra isiyo na mjane, isiyo na mabinti watatu, isiyo na mwenye wasia. Na sisi tulipoletewa shuleni ikatujia hivyo hivyo, x na y zinazoelea hewani, kiasi kwamba mwanafunzi wa madrasa asubuhi anasoma faraidh, mchana anasoma aljebra, wala haambiwi kwamba hivi viwili vilizaliwa ndani ya jalada moja. Nakala ya Kiarabu yenye sehemu zote, iliyonakiliwa mwaka 743 Hijria (1342), ilikuwa imehifadhiwa Oxford. Ni mwaka 1831 tu ndipo Frederic Rosen alipoichapisha London pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na yule mwanamke aliyeacha mume na watoto wanne akaonekana tena.

Leo liko shimo juu ya mwezi lenye jina la Al-Khawarizmi, upande ule tusiouona kutoka hapa. Urusi ya Kisovieti ilimtolea stempu mwaka 1983 kuadhimisha miaka 1,200 tangu kuzaliwa kwake.

Mimi Ramadhan hii, baada ya futari na kabla ya tarawehe, nilimwekea shangazi yangu mdogo komputa mbele yake. Nikaiandikia Haskell mas'ala ya babu. Nyanya 1 % 8. Kila mtoto wa kiume 7 % 40. Kila binti 7 % 80. Jumla 1 % 1. Nikazidisha kwa milioni, ikatoka 87500 % 1. Nikamweleza kwamba elfu tisini haikuwa ya mtu yeyote, ilikuwa ni mkia wa namba uliokatwa vibaya. Aliitazama kwa muda mrefu, akanywa uji wake. Kisha akaniuliza, kama mashine ilikuwa inaijua hii hesabu siku zote, mbona siku ile mimi sikuiuliza vizuri.